Sofa ya Mwanzia na Nafasi ya Mitchell

Wenzangu, nipeni sikio. Hii si habari ya mbali. Ni ya hapa hapa Kimbo, Ruiru, kwenye ploti za vyumba vya kupanga zilizo nyuma ya steji ya matatu, na aliyeniomba niiseme ni Mama Mitchell mwenyewe. Aliniambia, "Nyinyi wamama wa kanisa mkiizungumza pembeni haitamsaidia mtu. Isemeni wazi." Basi naisema wazi. Atakayejiona ndani yake asinikasirikie mimi.

Ilikuwa Jumapili alasiri na ploti ilikuwa imetulia. Watu walikuwa wametoka ibadani, nguo zimeanikwa, dagaa wa omena wanakaangwa, redio ya mtu fulani inaimba taratibu. Mbele ya mlango wa Mwanzia, jirani yetu anayeuza soda na maziwa, friji ilikuwa imegeuzwa mgongo. Nyuma yake alipiga magoti Mitchell Akoth, binti wa Dalmas Ouma, bisibisi mkononi na jasho puani. Akachomoa kitu, akachomeka kingine, akawasha. Friji ikakohoa, kisha ikaanza kunguruma vizuri. Watoto wakapiga makofi.

"Wee Mitch, umeniokoa!" Mwanzia akasema. "Fundi wa huko mjini aliniambia nitupe hii kitu ninunue ingine."

"Haikuwa imekufa, anko. Ni kale kadude kanawasha mota ndio kalikuwa kameungua."

Baba yake alikuwa ameketi kwenye kigoda akitabasamu kwa raha. Dalmas ni mtu wa kiwanda. Miaka mingi amefanya kazi katika kiwanda kimoja cha juisi kule Eneo la Viwanda, Thika, na ni mtu mpole asiyekosana na yeyote. Laiti siku hiyo ingeishia hapo.

Mara akaingia Zacharia, mwenyekiti wa chama cha watu wa kwao Siaya, ambaye pia hufanya kazi naye kiwandani. Akamwona msichana na vyuma vyake, akauliza, "Ouma, huyu ndiye yule wetu wa yunivasiti?"

"Ndiye," Dalmas akajibu haraka. "Anasomea uinjinia."

Mitchell akainamisha kichwa nyuma ya friji na kujifanya anakaza skrubu.

Ukweli ni huu. Mitchell hakuwa chuo kikuu. Alama zake za kidato cha nne hazikufika, akaitwa katika chuo kimoja cha ufundi mjini Thika kujifunza friji na mitambo ya baridi. Msichana alikipenda chuo hicho. Alirudi jioni akituelezea habari za gesi na mabomba hadi tunachoka kusikiliza. Lakini Dalmas alikuwa ameshatangaza kwenye chama, matokeo yenyewe hayajatoka, kwamba wa kwake anaenda yunivasiti, na watu wakampigia makofi. Matokeo yalipotoka hakuwa na uso wa kurudi kusema vingine. Mimi sijui aibu iko wapi mtoto akijua kutengeneza friji. Nyumba ngapi hapa Kimbo zina mtu mwenye shahada anayelala hadi saa nne? Lakini Dalmas aliona aibu, na aibu yake ndiyo iliyokula mtoto.

Mambo yakaanza kwenda mrama pale kiwanda kilipoondoa kazi za ziada. Mshahara wa Dalmas ukawa wa kodi na unga basi. Nauli ya Mitchell ya kwenda Thika na kurudi ikawa kitendawili cha kila asubuhi. Kuna siku alitembea mpaka Witeithie, mbele kuelekea Thika, ndipo apande gari, ili nauli ipungue. Alifika wenzake wameshagawana vifaa, akasimama nyuma kutazama. Mchana wenzake walipokwenda kula, yeye alibaki karakana akisema hana njaa. Siku nyingine hakwenda kabisa. Na nyumbani baba alipoulizwa na watu, alisema masomo yanaendelea vizuri sana. Alikuwa anakufa kiofisa, kama tunavyosema mtu akiumia huku amejitia hana shida, na mtoto akifa naye.

Sasa, walimu si vipofu. Serikali ilikuwa imekipa chuo kile ruzuku, wala haikuwa ya kupaka geti rangi au kumnunulia mkuu wa chuo gari. Ilikuwa ya kuhakikisha kwamba mtoto akishaingia, anamaliza. Ilitoa kitanda cha bweni, chakula cha mchana, sanduku la vifaa, na mwalimu wa kumfuatilia yule anayeanza kupotea. Msimamizi wa mambo hayo aliitwa Madam Simran. Ni mzaliwa wa Thika, wazazi wake wana duka la vyuma mjini, na Kiswahili chake ni hiki hiki chetu. Kwa kuwa vitanda ni vichache kuliko wenye shida, yeye mwenyewe huenda nyumbani kwa kila mwanafunzi aone hali ilivyo, ndipo aamue.

Akamwita Mitchell. "Nimeona unakosa sana, na mwalimu wako anasema wewe ndiye mkono mzuri zaidi darasani. Nitakuja kwenu Jumamosi. Waambie wazazi wasisumbuke."

Mitchell alirudi siku hiyo akiruka. Alimshika mama yake mabega, akamwambia, "Mama, nikipata bweni nitamaliza. Aki nisipopata, mimi sioni vile nitafika mwisho."

Mama yake, Ajwang, akamshukuru Mungu kwa sauti. Lakini Dalmas alipoambiwa, uso ulimbadilika.

"Mtu wa serikali aje hapa? Aingie kwa hii nyumba, aone tumegawanya chumba na pazia? Aone tunakalia mitungi ya maji?"

"Baba Mitchell, si ndio anakuja kuona hiyo?" Ajwang akasema.

"Mgeni haji kuona shida zangu. Mgeni anakuja anakula, anashiba, anaenda na heshima. Hivyo ndivyo nililelewa."

Hapa nataka tuangaliane machoni, wenzangu, kwa sababu hili ni jambo letu sote. Mtu wa ploti akipata mgeni, sisi tunafanya nini? Tunaazimana. Wakwe wakija, sofa inatoka mlango huu inaingia mlango ule. Vitambaa vya kufuma vinahama, chupa ya chai inahama, sahani za udongo zinahama, mpaka mtungi wa gesi. Hakuna anayeuliza kwa nini. Ni upendo, na siusemi vibaya. Lakini siku ile tuliazima ili umaskini usionekane mbele ya mtu aliyekuja kuutafuta ili autibu. Ni kama mgonjwa anayejipaka poda aende kwa daktari.

Jumamosi asubuhi sofa ya Mwanzia ilibebwa na vijana wa ploti kupitia mlango mwembamba, ikakwaruzwa, ikaingia. Runinga yake ikafuata. Pazia la katikati likashushwa, godoro la Mitchell likapelekwa kwa jirani, mitungi ya maji ikafichwa bafuni. Ajwang alipika kuku na samaki mzima wa kukaanga, chakula ambacho nyumba ile haikuwa imekiona tangu Krismasi.

Mitchell alisimama mlangoni akitazama sofa ikiingia. "Baba, tafadhali. Madam anakuja kuona tunavyoishi. Akiona hivi atadhani hatuna shida."

"Nyathina, mwanangu," Dalmas akamwambia, kwa upole kabisa, na upole wake ndio ulikuwa mbaya zaidi, "wewe soma. Mambo ya wageni niachie mimi."

Madam Simran akaja. Akavua viatu mlangoni, akaamkua kila mtu, akakaribishwa kwenye sofa ya Mwanzia, akala kidogo akasifu samaki. Kisha akatoa swali lake.

"Baba Mitchell, nataka tuongee bila kuzungushana. Mitchell anakosa masomo. Ni nauli? Ni chakula? Niambie tu, ndiyo maana nimekuja."

"Ah, Madam!" Dalmas akacheka, akaegemea sofa ambayo si yake. "Nauli ni nini? Hawa vijana wa siku hizi ni uvivu kidogo tu. Nitaongea na yeye. Sisi hapa Mungu ametujalia, hatuna shida."

"Kuna nafasi za bweni zinazolipwa na serikali. Ni chache sana."

"Hizo wapeni wale maskini kabisa. Kuna watu wanaumia huko nje."

Ajwang alikuwa amesimama karibu na meko ya kuazima. Aliniambia kwamba alifungua mdomo, kisha akamtazama mumewe, akaufunga. Hakutaka kumwaibisha mbele ya mgeni. Anajuta mpaka leo.

Madam Simran alipotoka aliomba Mitchell amsindikize, lakini Dalmas naye akatoka nao, kama desturi inavyotaka, mwenye nyumba kumsindikiza mgeni. Pale kwenye geti Madam akasimama. "Mitchell, una kitu unataka kuniambia?"

Msichana akamtazama baba yake. Baba alikuwa anatabasamu, mikono nyuma. Ungekuwa wewe ungesema nini? Ungemwambia mgeni kwamba baba yako ni mwongo, naye amesimama hapo?

"Hapana, Madam," Mitchell akasema.

Jumatatu nafasi ile ikaenda kwa mwanafunzi mwingine. Madam Simran alimwambia Mitchell mwenyewe, bila ubaya wowote, kwamba wazazi wake wanajiweza na ajitahidi kuhudhuria. Ungemlaumu vipi? Aliamua kwa alichoonyeshwa na alichoambiwa na mwenye nyumba kwa mdomo wake.

Yaliyofuata sitayarefusha. Mitchell alitembea hadi miguu ikavimba. Akakosa mtihani wa karakana, ule wa kufungua mtambo na kuukusanya tena mbele ya mwalimu, kwa sababu asubuhi hiyo hakukuwa na nauli hata ya kutoka Witeithie. Bila mtihani ule huendelei mbele. Akaanza kubaki nyumbani, kisha akaacha kabisa. Hakulia mbele ya watu. Alikunja sare yake ya karakana akaiweka chini ya godoro, na habari za gesi na mabomba zikaisha katika ploti yetu.

Msichana mkubwa hawezi kukaa bure. Asubuhi moja alijipanga na wanawake wanaotafuta kibarua nje ya mageti ya Eneo la Viwanda. Geti lililomchukua ni lile lile la kiwanda cha baba yake, akawekwa kuchagua mananasi, mazuri huku, yaliyooza kule. Dalmas aliposhuka zamu alimkuta kwenye foleni ya vibarua, amevaa aproni ya plastiki na kofia ya neti. Zacharia alikuwa kando ya Dalmas.

"Ouma, huyu si ndiye injinia?"

"Ni likizo," Dalmas akasema. "Hataki kukaa tu."

Mitchell alisikia, akageuka upande mwingine. Na kila Zacharia alipouliza kwa nini likizo haiishi, Dalmas alikuwa na jibu jipya. Mara mgomo, mara mitaala imebadilishwa. Alikuwa amekonda. Kanisani alianza kukaa kiti cha nyuma, na nyimbo zikianza yeye anatoka.

Kisha siku moja chumba cha baridi cha kiwanda kikagoma, kile chenye ukubwa wa nyumba mbili zetu, ambamo juisi huhifadhiwa. Wakaletwa mafundi kutoka nje, fundi mkuu mmoja na msichana mwanafunzi aliyekuwa akijifunza kazi chini yake. Dalmas akaamriwa kumshikia tochi yule msichana, na Zacharia na wengine wakaondoa masanduku njiani. Dalmas akaona maandishi nyuma ya ovaroli yake. Lilikuwa jina la kile chuo cha Thika.

"Unasoma pale?" akauliza.

"Eeh, mzee. Naitwa Lynn. Nafanya friji na mitambo ya baridi. Namaliza hivi karibuni."

"Ni ngumu?"

Lynn akacheka, mkono ukiwa ndani ya mashine. "Mimi nilikuwa niache, mzee. Natoka mbali, sina nauli, nalala njaa. Halafu nikapewa bweni. Unajua nafasi zilikuwa zimeisha? Madam akaniambia kuna familia moja imekataa yao, imesema wapewe walio maskini. Sijui ni akina nani, lakini mimi huwaombea. Mungu awabariki tu. Inua tochi kidogo, mzee."

Tochi ilikuwa imeshuka. Dalmas akaiinua.

Wakati huo huo toroli ya masanduku ikaingia ikisukumwa na Mitchell. Lynn akageuka, akamwona.

"Mitch! Niaje! Kwani ulipotelea wapi? Sisi tulidhani ulienda chuo kingine. Umeletwa kujifunza hapa pia?"

"Hapana," Mitchell akasema. "Mimi ni kibarua."

Lynn akatazama aproni, akatazama ile kofia ya neti. Alikuwa hajaelewa. "Lakini wewe ndio ulikuwa unatushinda sote. Hata hii kompresa ungeimaliza kitambo. Si ungeambia Madam shida yako? Yule si mtu mbaya, angekusaidia."

Watu walikuwa wamesimamisha kazi. Mitchell alimtazama baba yake, kisha akamtazama rafiki yake, akajaribu kutabasamu.

"Sikumwambia," akasema. "Ni makosa yangu."

Wenzangu, mtoto alikuwa amepoteza masomo, na bado pale mbele ya watu alikuwa akimfunika baba yake. Dalmas akaweka tochi chini. Ajwang anasema mumewe alimsimulia baadaye akilia, kwamba tangu azaliwe hajawahi kuona aibu kama ile, na kwamba aibu ya nyumba ya pazia haikuwa chochote kando yake.

"Si makosa yake," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, akairudia ili isikike. "Ni binti yangu. Hajawahi kuwa yunivasiti, Zacharia, niliwadanganya. Alikuwa chuo hicho cha huyu dada. Hiyo nafasi ilikuwa yake, na mimi ndiye niliikataa. Nilikuwa nimekaa kwa sofa ya watu nikasema hatuna shida."

Zacharia alitazama sakafu. Lynn, maskini, ambaye hakukosea lolote, alianza kufuta spana kwa kitambaa, akaifuta na kuifuta, machozi yakimtoka. Mitchell alisukuma toroli akatoka, kwa kuwa msimamizi alikuwa anamwita arudi kwenye mananasi.

Dalmas aliomba ruhusa akaenda chuoni na binti yake. Hakuvaa koti la kujipamba. Alimweleza Madam Simran kila kitu, sofa, runinga, kuku, mitungi iliyofichwa bafuni. Madam alisikiliza hadi mwisho.

"Nafasi za mwaka huu zimeisha," akamwambia. "Na Mitchell amekaa nje sana. Itabidi aanze upya pamoja na wanafunzi wapya, na hali yake ipimwe kama ya wengine wote. Wako wengi, baba. Siwezi kukuahidi."

"Utakuja tena nyumbani, Madam?"

"Nitakuja. Lakini sitakuambia ni siku gani."

Mpaka leo ninapowaambia haya hajaja. Wenzake Mitchell wamemaliza, Lynn amepata kazi. Mitchell bado anachagua mananasi, mazuri huku, yaliyooza kule. Baba yake anapita nyuma yake kila zamu, na hajui amwambie nini.

FUNZO

Wazazi wa Kimbo, wa Witeithie, wa Thika na popote mnaponisikia, msaada wa masomo hauwezi kumfikia mtoto ambaye baba yake amesema hatuna shida. Serikali inaweza kuleta ruzuku, chuo kinaweza kumtuma mwalimu mwema hadi mlangoni, lakini mlango unafunguliwa na wewe. Umaskini si dhambi, na chuo cha ufundi si mahali pa kuficha mtoto. Mgeni wa heshima mpambie nyumba, mpikie, mwazimie hata sofa ya jirani. Lakini anayekuja kuuliza mtoto wako amekwama wapi, mketishe penye mtungi wa maji, umwambie ukweli. Na sisi majirani, tukiitwa kubeba sofa, tuulize kwanza mgeni ni nani.

Tena ukiwa na mtoto anayekuheshimu hata hawezi kukupinga mbele ya watu, usiitumie heshima hiyo kumziba mdomo. Mitchell alinyamaza kwenye geti kwa ajili ya baba yake. Baba alipata heshima yake kwa alasiri moja, na aliyeilipia ni mtoto.